Tivoli kwenye baridi, ukiwa na mama mzazi na watoto

Hii naiandikia wenzangu mnaoishi huku kaskazini mkapata mgeni wa nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Viza imetoka wakati huo huo wa baridi hamkuweza kuchagua, watoto wamefunga shule wanasumbua wanataka kutoka, na wewe unakaa unajiuliza hivi kwenye baridi hii watu wanapandaje bembea. Wanapanda, tena wanapanda sana. Sisi tunaishi Malmö, kusini kabisa mwa Uswidi, mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, mtu ambaye baridi kali anayoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba, tukamchukua yeye na wajukuu zake wawili tukavuka daraja mpaka Tivoli, bustani ya bembea na michezo pale Copenhagen, Denmark, na tangu hapo kila msimu wa baridi ukifika sisi na watoto tunakwenda. Naona sisi watu wa joto tunaoishi huku tunajinyima kitu kizuri kabisa kwa sababu tumeshaamua kwamba sehemu za michezo ni mambo ya kiangazi.

Kubwa nililolipata kwenye safari hizi ni kwamba siku ya baridi ratiba haipangwi kwa kufuata bembea, inapangwa kwa kumfuata yule anayeshikwa na baridi kabla ya wengine wote. Kwetu walikuwa wawili, mama na kitindamimba wangu ambaye alikuwa na miaka mitano. Huyu wa miaka tisa na baba yake hao hata barafu ingeshuka wangeendelea kukimbia. Sasa ukiwafuata wenye nguvu utamaliza bembea zote na utarudi na mtoto analia na bibi hasemi kitu, ukiwafuata wale wawili kila mtu atarudi anacheka, na bembea za maana mtakuwa mmepanda vile vile.

Kwa ambao hamjafika, Tivoli iko katikati ya mji kabisa, ukitoka stesheni kuu ya treni unavuka barabara moja tu uko getini. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, aliyeianzisha anaitwa Georg Carstensen, na enzi hizo pale palikuwa nje ya geti la mji kwenye ngome za zamani, hata lile ziwa dogo lililomo ndani ni kipande kilichobaki cha lile handaki la maji la kuulinda mji. Kwa miaka mingi ilikuwa inafunguliwa msimu wa joto tu, ni mwaka 1994 ndo wakaanza msimu wa Krismasi, na siku hizi wanafungua na Februari pia. Msimu wa Krismasi unaanza katikati ya Novemba unafika siku za mwanzo za Januari, halafu panafungwa, kwa hiyo angalia kalenda yao kabla hujawavalisha watu. Na tarehe 24 Desemba usipange kitu, Wadenishi siku hiyo ndo Krismasi yao yenyewe, wanakaa ndani na familia.

Kwa nini nasema Tivoli na sio zile kubwa kubwa. Kwa sababu ni ndogo. Eneo lote ni kama hekta 8, yani popote ulipo mlango wa sehemu yenye joto hauko mbali, na stesheni iko pale pale mgongoni mkizidiwa mnaondoka. Kwenye yale mapaki makubwa ya huku Ulaya ambayo unatembea dakika ishirini kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, na mlango wa kutokea uko mbali, na gari iko mbali zaidi, mtoto akianza kutetemeka umekwisha. Kwenye joto ukubwa ni sifa, kwenye baridi ni mzigo.

Halafu kuna hili la taa, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo sababu mimi sasa napenda kwenda baridi kuliko kiangazi. Tivoli uzuri wake ni usiku, taa ziko kila mahali, kwenye miti, kwenye mapaa, zinaakisi kwenye lile ziwa. Sasa mwezi wa sita Copenhagen jua linazama karibu saa nne usiku, na hata likishazama mwanga haupotei haraka, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano hawezi kuziona taa mpaka umcheleweshe kulala masaa na masaa, anakuwa ameshachoka anataka kubebwa. Desemba jua linazama saa kumi kasoro. Saa kumi! Yani mtoto ameamka, amekula mchana, yuko na akili zake, na giza ndo linaingia na taa zote zinawaka mbele yake, na saa kumi na mbili jioni unaweza ukawa kwenye treni unarudi ameshaona kila kitu. Pale kuna jengo linaitwa Nimb, la mwaka 1909, limejengwa kwa mtindo wa Kimoro, yani wa Waislamu wa zamani wa Afrika Kaskazini na Hispania, kuba na matao na madirisha yaliyochongoka juu, na likiwashwa taa zinafuata kila tao. Mama alisimama pale akasema, "Mwanangu, huku nako kuna wenzetu?" Nikamwambia hapana, ni Wadenishi wenyewe walipenda kujenga hivo. Akaniambia nimpige picha hapo na sio kwingine.

Kwa hiyo fika mchana, usifike asubuhi. Wanafungua saa tano, na kila mtu anasema wahi foleni fupi, ni kweli, lakini ukiwahi saa tano ukifika saa kumi taa zinapowaka mama na mtoto wameshaisha nguvu. Sisi tunakula nyumbani chakula kizito, wali na maharage au ugali, tunaingia kama saa saba na nusu, tunapanda michezo ya nje mwanga ukiwepo na joto lile kidogo likiwepo, tunaingia ndani jua likikaribia kuzama, tunatoka taa zikiwa zimewaka. Siku za katikati ya wiki ndo nzuri. Jumamosi jioni watu wanajaa mpaka unatembea kwa kusukumwa, na mzee kwenye msongamano na njia yenye unyevunyevu sio jambo la kujaribu.

Baridi ya Copenhagen sio ya barafu nyingi. Desemba ni nyuzi 2, 3, 4, siku nyingine sifuri, lakini ni baridi ya maji, hewa imeloa, upepo unatoka baharini, na ndo maana mtu anayekuja kutoka ndani ndani kule kaskazini kwa Uswidi ambako ni nyuzi 15 chini ya sifuri lakini hewa kavu atakwambia Copenhagen ndo alipoumia. Na kwenye sehemu ya michezo adui sio kutembea, adui ni foleni. Ukitembea mwili unatengeneza joto lake. Ukisimama robo saa kwenye mawe yaliyopoa, joto linatoka kwa nyayo linaingia ardhini taratibu bila wewe kusikia, na ukija kusikia vidole vya miguu vinauma ujue umeshachelewa, kuvirudisha kunachukua muda mrefu. Watu wanavaa koti la bei kali na viatu vya kawaida. Mi nasema kama hela ni ya kitu kimoja, nunua buti zenye soli nene, kubwa kidogo kuliko saizi yako, na ndani weka soli ya sufu au ya manyoya ya kondoo, halafu soksi moja nene ya sufu. Moja. Kuvaa soksi tatu kwenye kiatu kinachobana kunazuia damu isifike vidoleni na hakubaki hewa ya kushika joto, mguu unapoa kuliko ungevaa moja. Na sio soksi za pamba, pamba ikishaloa jasho inabaki imeloa, sufu hata ikilowa kidogo bado inakupa joto.

Kwenye foleni watoto wasisimame. Tuna mchezo wetu, anayefika mbele anachezesha, wote wanaruka mguu mmoja, wanabadilisha, wanapiga makofi juu ya kichwa, na Wadenishi wanaangalia wanatabasamu na watoto wao wanaanza kuruka na wao. Foleni ikiwa imezidi dakika kumi na tano kwa mtoto mdogo tunaiacha, hakuna mjadala, tutarudi baadae. Na mtoto anayekaa kwenye kigari muangalie mara mbili zaidi, maana wewe unayesukuma unapata joto ukadhani na yeye yuko sawa, kumbe yeye kakaa tu hatikisiki. Wenyeji wanamuweka mtoto ndani ya mfuko wa manyoya ya kondoo humo humo kwenye kigari, na mi niliwaiga.

Mavazi ya mama yalituchukua jioni nzima kuyapanga, na nayaeleza kwa sababu najua wengi wazazi wetu wanavaa kama yeye. Mama anavaa gauni refu na mtandio na kanga haimtoki. Tatizo la gauni refu huku sio baridi, ni pindo. Pindo linaburura kwenye maji ya njiani, linanyonya, linapanda unyevu mpaka magotini, na hapo hata uvae nini unapoa. Kwa hiyo ndani alivaa suruali na blauzi ya kubana ya sufu laini, juu yake sweta, gauni tukalipandisha likaishia juu ya buti tukalibana na kanga kiunoni, juu ya vyote koti refu lisilopitisha upepo. Kanga ilimsaidia kweli kweli, ile pamba iko katikati, haigusi jasho wala haigusi mvua, inabana nguo zote zisiingize upepo. Mtandio wa kawaida tukauweka ndani na juu tukamvalisha ule mfuko wa shingo wa sufu unaoingia kichwani na kufunika mpaka masikio. Huo pia ndo unaofaa kwenye bembea, kwa sababu skafu ndefu inayoning'inia ni hatari, inaweza ikanasa, na wafanyakazi watakwambia uivue upande shingo wazi. Ukiwa na mfuko wa shingo, au mtandio uliobanwa vizuri ndani ya koti, hakuna cha kuvua.

Wenye kuswali mjue na hili, Desemba adhuhuri na alasiri zinakaribiana sana, kama saa moja na kidogo, na magharibi inaingia kabla ya saa kumi jioni, yani sala tatu zinaangukia humo humo kwenye matembezi. Mama alitia udhu nyumbani kwa maji ya vuguvugu akajitahidi kukaa nao. Ni moja ya vitu vinavyofanya ukae ndani saa unayopaswa kukaa ndani, kwa hiyo kwetu ratiba ya sala na ratiba ya joto zilikwenda pamoja.

Uso na mikono. Mama alikuja na chupa yake ya mafuta ya nazi kutoka nyumbani, akaiweka mfukoni mwa koti ili awapake wajukuu, na alipoitoa tulikuta imekuwa nyeupe imeganda ngumu. Mafuta ya nazi yanaganda hata kwenye nyuzi 22 au 23, huko nje ni nyuzi 2. Ukipaka nyumbani kabla ya kutoka ni sawa, lakini ya kubeba ni yale mafuta mazito ya mgando ya kopo, yanakaa laini siku nzima, paka mdomo, mashavu, ncha ya pua na masikio, yanazuia upepo usikaushe ngozi ikapasuka. Usipake losheni nyepesi ya majimaji dakika ile unayotoka mlangoni. Na kingine ambacho maelezo mengi ya huku hayasemi kwa sababu yameandikwa na watu weupe kwa ajili ya watu weupe: wanakwambia angalia ngozi ikiwa nyekundu au ikipauka ujue baridi imeingia. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauuoni vizuri. Tazama ngozi ikiwa kama na rangi ya majivu, halafu shika kwa mkono wako mwenyewe, ikiwa baridi na ngumu kidogo na mtoto anasema haisikii, ingia ndani sasa hivi.

Mimi kipimo changu cha watoto ni zipu. Kila baada ya muda namwambia fungua zipu ya koti mpaka hapa kifuani halafu ifunge mwenyewe. Vidole vikiwa sawa anaifunga huku anaongea habari nyingine kabisa. Vikianza kupoa utaona anaikosa ile ncha, anaishika tena, anaangalia chini, ananyamaza. Hapo simuulizi kama anasikia baridi, maana atasema hapana, anataka bembea. Tunaingia ndani tu. Kutetemeka na kulalamika hakunitishi, mtoto anayelalamika bado yuko vizuri, anayenitisha ni yule aliyekuwa anapiga kelele akanyamaza.

Na sehemu ya kuingia ipo nzuri. Kuna mchezo wa ndani unaitwa Den Flyvende Kuffert, unakaa kwenye kijisanduku kinakupitisha taratibu kwenye hadithi za Hans Christian Andersen, yule Mdenishi mtunzi wa hadithi za watoto, vinyago vinatembea, kuna giza na rangi, hakuna upepo, na bibi anaweza kukaa na mjukuu bila wasiwasi wowote. Tuliuweka katikati ya siku makusudi. Wazazi wengi wanaupanda mwanzo kwa sababu foleni ni fupi, mi nasema uweke akiba, ni dawa yako ya saa kumi.

Sasa michezo yenyewe. Pale kuna bembea ndefu ya mnyororo inaitwa Himmelskibet, iliwekwa 2006, mnara wake mita 80, inakuzungusha huko juu kwa mwendo unaofika kilomita 70 kwa saa. Ukipiga hesabu ya upepo, nyuzi sifuri kwa mwendo huo mwili unasikia kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na hapo hujaweka upepo wa bahari. Baba watoto na mkubwa walipanda, wakaona mji wote na taa zake mpaka kwenye mnara wa ukumbi wa jiji, wakashuka machozi yanatoka kwa baridi na wote wawili wamefurahi hawaelezeki. Ni ya dakika chache, mtu mzima aliyevaa vizuri haimdhuru, ila ipande ukijua ukishuka unakwenda moja kwa moja kwenye joto, usiipande halafu ukasimame foleni nyingine ya nje.

Pia ujue mapema kwamba siku ya baridi kali au upepo mkali kuna michezo itasimamishwa, popote pale duniani. Rolakosta, ile treni ya michezo ya kupanda na kushuka vilima, ikishavutwa juu haina injini tena, inashuka na kupanda kwa uzito wake yenyewe, na baridi inafanya grisi iwe nzito na yale magurudumu yaliyovalishwa plastiki yawe magumu, behewa linapunguza mwendo, linaweza lisifike kilima kinachofuata. Kwa hiyo wakifunga wanakulinda wewe. Waandae watoto nyumbani, waambie tutapanda itakayokuwa wazi, usimuahidi mtoto bembea moja kwa jina.

Ile ninayoipenda mimi ni Rutschebanen, ya mbao, ya mwaka 1914, na mpaka leo kila treni lake lina mtu wa breki anakaa humo humo na abiria. Kwenye rolakosta za sasa hivi breki ziko kwenye reli zinajiendesha, hii ni mtu na mkono wake. Nilikaa karibu nae nikamwangalia, amevaa glavu nene, mkono kwenye mkono wa breki, kabla ya kona anavuta, anasikiliza, anaachia, mbao zinalia chini yetu, anavuta tena kidogo. Anajua leo reli imelowa, anajua abiria wake wamevaa makoti mazito treni limejaa, na anaamua hapo hapo. Zaidi ya miaka mia moja watu wanapokezana kazi hiyo. Nilishuka na heshima kubwa sana kwa yule kijana. Mama hakupanda, ana presha, lakini alisimama pale chini akawa anaisikiliza inavyopita akasema, "Huyo ndo dereva, si abiria."

Hilo la mama kutopanda linanileta kwenye tiketi. Pale kuingia kuna bei yake na kupanda michezo kuna bei yake. Unaweza kununua mchezo mmoja mmoja au pasi ya siku nzima. Kiangazi pasi inalipa. Kwenye baridi, mtu kama bibi anahitaji kuingia tu, mtoto mdogo atapanda michache, kwa hiyo piga hesabu kwa kila mtu peke yake badala ya kununua pasi za familia nzima kwa mazoea. Hela inayobaki weka kwenye vinywaji vya moto, mtavihitaji.

Na vya kula ndo mama alipofurahi kuliko popote. Tulisimama kwenye kibanda, kijana anapika kwa chuma kina mashimo ya duara, anamimina uji wa unga, unachemka pembeni, anaugeuza na kijiti unakuwa mpira. Mama akanishika mkono akasema, "Hivi si vitumbua hivi?" Akasogea mpaka kwenye kioo. Kikaango ni kile kile ndugu zangu, mashimo yale yale, hata kugeuza ni kule kule kwa kusukuma ukingoni kikajipindua chenyewe. Wao wanaita æbleskiver, wanatumia unga wa ngano na mayai na maziwa ya mgando badala ya mchele na tui, wengine wanatia iliki, wanakula na jemu na sukari ya unga. Mama alimuonyesha kijana kwa mikono kwamba kwao wanapika hivo hivo, yule kijana akampa kijiti kwa mbali amuonyeshe, wakacheka, lugha hakuna hata moja inayowaunganisha. Alikula zote akasema sukari ya juu haina kazi, ila mpishi anajua kugeuza.

Kinywaji chao cha msimu ni gløgg, mvinyo mwekundu unachemshwa na mdalasini, karafuu na iliki, ndani kuna zabibu kavu na lozi. Ile harufu ya karafuu inatoka kwenye kila kibanda gizani, na mtu wa Tanga anayeijua harufu ya karafuu ya Pemba anaweza akasahau alipo. Kwa wasiotumia pombe iulizie isiyo na kilevi, ipo, mara nyingi ni juisi ya matunda na viungo vile vile. Na hata kwa anayetumia, pombe inakudanganya, inaleta damu kwenye ngozi unahisi joto huku mwili wa ndani unapoteza joto lake, kwa hiyo usiinywe ukiwa bado una masaa mawili ya kukaa nje na wewe ndo mwenye watoto. Chokoleti ya moto inatosha. Soseji zao nyingi ni za nguruwe, wasiokula waulize kabla.

Kuna vile vipakiti vidogo vya kupasha mikono, ndani ni unga wa chuma, ukikifungua hewa inaingia, chuma kinaanza kushika kutu na hiyo kutu ndo inatoa joto kwa masaa. Weka ndani ya glavu au mfukoni. Kwenye buti iliyobana havifanyi kazi vizuri kwa sababu hakuna hewa. Na mzee, hasa mwenye kisukari, usimuwekee kwenye ngozi tupu, anaweza akaungua asisikie.

Simu nayo inaugua. Betri kwenye baridi inashuka ghafla, ilikuwa asilimia 40 inazima, na siku hizi tiketi za geti ziko kwenye simu, za treni ziko kwenye simu, na namba za watu ziko humo. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, toa ukitaka picha kisha irudishe, na tiketi chapisha kwenye karatasi. Treni ya kurudi Malmö ni kama dakika 40, lakini inaposimama Hyllie, stesheni ya kwanza upande wa Uswidi, mara nyingi polisi wanapita kuangalia vitambulisho, kwa hiyo pasipoti ya mgeni iwe kwenye mfuko unaofikika, sio chini ya sweta la tatu. Mkifika nyumbani miguu iliyopoa sana usiitumbukize kwenye maji ya moto, tumia ya vuguvugu na usiisugue, iache irudi taratibu.

La mwisho ni la kiafya na naliweka wazi kwa sababu ni la kwetu zaidi kuliko la wenyeji. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta na afunike mdomo, hewa baridi inambana. Mwenye presha kama mama yangu, baridi inabana mishipa na presha inapanda, kwa hiyo dawa ameze kama kawaida, asipande vilima haraka haraka, na vipindi vya nje viwe vifupi. Ila mtoto mwenye selimundu, yani sickle cell, huyo ni habari nyingine kabisa, baridi inaweza kumletea yale maumivu makali hata kama amevaa vizuri, na familia zenye ugonjwa huu kwetu ni nyingi. Hapo nasema ongea na daktari wake kwanza, na akisema hapana ni hapana. Rafiki yangu wa hapa Malmö ana mtoto mwenye selimundu, wao wanakwenda Tivoli mwezi wa sita mchana, taa hawazioni, bembea wanapanda zote.